Suruali ya pikipiki: miaka miwili kati ya feri ya Likoni na njia za Kinango

Kazi yangu ni kutengeneza pampu za visima. Naishi Likoni, ofisi iko kisiwani Mombasa, na mara mbili kwa wiki napanda Kwale, nashuka Kinango, kisha nashika njia za ng'ombe upande wa Ndavaya. Nilitaka suruali moja ya kazi zote: kukaa nayo kwenye foleni ya feri asubuhi, kuingia nayo ofisini, na kuanguka nayo. Kuanguka nimesema makusudi. Kule kokoto hukaa juu ya udongo mkavu kama gololi, na mimi si hodari hivyo.

Nilianza na jinzi kama kila mtu. Niliteleza siku moja kwa mwendo wa baiskeli tu, goti la jinzi likafunguka kama gazeti lililoloa, na ngozi yangu ikafuata. Nikaenda Kongowea, nikapata suruali ya ngozi ya mitumba, nzito na nzuri. Kwa kukwaruzika sina neno nayo. Lakini ngozi na joto la kaskazi haviivani. Nilikuwa nafika ofisini nimelowa, utadhani nimevuka kivuko kwa kuogelea. Masika ilipoingia nikaiacha kabatini wiki mbili, nikaitoa imeota ukungu. Nilimuuzia jamaa wa Wundanyi. Kwao kuna baridi.

Hii ya sasa ni ya Cordura, kitambaa kigumu cha kazi, nimeipata kwa shilingi 15,500, ikaja kwa basi kutoka Nairobi. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji anipigie picha ya lebo ya ndani, maana tangazo husema lolote. Kiwango cha Ulaya cha nguo za pikipiki, EN 17092, kina madaraja: AAA ndiyo ngumu zaidi, kisha AA, kisha A. B hustahimili kukwaruzika sawa na A lakini haihitajiwi kuwa na vikinga, yaani vile vipande vya kulinda goti na nyonga visigongwe, na C ni ya kushikilia vikinga tu, hiyo isikudanganye. Yangu ni AA. Niliazima AAA ya rafiki nikavuka nayo Likoni mara moja. Ni ngome kweli, lakini kwa joto letu ungeivaa siku mbili ukaitundika msumarini, ukarudia jinzi.

Vikinga vya magoti vilikuja vya daraja la 1. Nikanunua vya daraja la 2, ambavyo kwa kipimo cha EN 1621-1 hupitisha nguvu ya wastani isiyozidi kilonyutoni 20 vikigongwa, wakati daraja la 1 huruhusiwa 35. Tofauti hiyo naitaka gotini mwangu.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu: usijaribu suruali hizi ukiwa umesimama. Ukikaa kwenye pikipiki mguu wa suruali hupanda, na kikinga kilichokuwa gotini hujikuta pajani. Panda pikipiki, kunja goti, kisha papasa. Yangu ina mifuko ya ndani yenye velkro, kwa hivyo niliteremsha vikinga kwa upana wa vidole viwili, vikakaa sawa. Halafu kuna swala. Sijida ya kwanza nikiwa na vikinga hivyo, magoti yaliinuka nikawa kama nimepiga magoti juu ya mito, nikayumba na mzee wa kando yangu akanishika bega. Siku hizi kikoi hakikosi kwenye begi, nabadilisha kabla ya swala.

Zipu za hewa mapajani ni neema ukiwa mwendoni. Kwenye foleni ya feri, jua kichwani na injini chini, hazina kazi yoyote. Hapo utavuja jasho tu, na vijana watakuuliza, "Kaka, waenda vita gani?" Nilikataa kusudi zile zenye utando wa kuzuia maji ulioshonewa ndani, kwa sababu huzuia mvua na hewa pamoja. Mvua ikija navaa suruali ya mvua juu yake, ile ya bei rahisi.

Cordura ni nailoni, na nailoni huyeyuka. Wiki ya pili mguu wa kulia uligusa ekzosi, pakatoka tundu la ukubwa wa sarafu. Fundi cherehani wa Mwembe Tayari alishonea kiraka cha ngozi ndani ya ugoko kwa shilingi 300, akatumia uzi wa nailoni nilioenda nao mwenyewe. Uzi wa pamba huoza kwa jasho. Ningekuwa nanunua leo ningetafuta iliyokuja na ngozi hapo tayari.

Kilichoniudhi zaidi ni chumvi. Hewa ya bahari, na maji ya kisima tunayofulia, vilikula zipu ya mbele ndani ya miezi minane, ikawa yataka koleo kufunguka. Za mapajani ni za plastiki, hazijasumbua. Sasa naisuuza kwa maji ya mvua nikiyapata, napaka mshumaa kwenye meno ya zipu, naanika kivulini.

Nimeanguka nayo mara mbili. Ya pili ilikuwa mteremko wenye mawe, goti na nyonga zikaburuzwa kama hatua nne. Kitambaa kilichubuka kikabaki na manyoya, lakini hakikutoboka, nami niliamka nikatengeneza pampu siku hiyo hiyo. Nyonga iliniuma siku tatu, kwa sababu kikinga cha hapo kilikuwa sponji tupu. Angalia hilo kabla ya kununua. Wauzaji wengi huweka vikinga vya kweli gotini tu na kukuachia kipande cha godoro nyonga.

Kwa sasa mshono wa kati ya miguu umeanza kuachia. Kitambaa bado kizima. Fundi ameniambia niirudishe Alhamisi, na nimeshamwachia uzi.