Uzoefu wangu na vitabu vya Jason, mchoraji wa katuni wa Norway

Jamani kila nikimtaja Jason watu wananiuliza Jason gani, yule wa filamu za kutisha? Hapana, huyu ni mchoraji wa vitabu vya katuni, jina lake kamili John Arne Sæterøy, kazaliwa 1965 huko Molde, pwani ya magharibi ya Norway, ila siku hizi anaishi Montpellier kule Ufaransa. Kwenye majalada anaandika Jason tu basi.

Nilikutana na vitabu vyake winta yangu ya kwanza Oslo. Kinorwe nilikuwa sijui, giza linaingia saa tisa alasiri, na nikitoka darasa la lugha nilikuwa napitia maktaba ya Deichman pale Bjørvika, jirani na opera, kwa sababu kuna joto na hakuna anayekuuliza umekuja kufanya nini. Siku moja nikavuta kitabu kwenye rafu ya tegneserie, ndo wanavyoita katuni huku, nikafungua, hakuna neno. Nikafunua tena, hakuna. Kilikuwa Sshhhh!, kitabu kizima hakina maongezi, kuna jamaa mwenye kichwa cha ndege anaishi tu, anapenda, anaachwa, anazeeka, na mauti inamfuata katika umbo la mifupa. Nikakaa chini nikakimaliza palepale. Ndo kitabu cha kwanza nilichomaliza kwenye nchi hii bila kamusi na siwezi kuelezea vizuri jinsi nilivyojisikia siku ile, nilitoka pale natembea kama mtu aliyeongea na mtu.

Kesho yake nikamwonyesha mama mmoja wa Bukavu tuliyekuwa tunasoma naye darasani. Tukakaa na kitabu katikati yetu, kila mtu anasimulia anachokiona. Mimi nikasema huyu anakimbia, ana wasiwasi. Yeye akaweka kidole kwenye boksi akasema, "Apana dada, uyu hakimbiye, amechoka tu." Tukabishana picha ile ile karibu robo saa, na nilipoangalia tena nikaona kweli anaweza kuwa amechoka. Na hapo ndo nikaanza kuelewa anavyofanya kazi huyu bwana.

Wahusika wake ni wanyama waliosimama kama watu, mbwa, sungura, ndege, wamevaa suti na makoti, na macho yao hayana mboni, ni meupe tu. Nyuso karibu hazibadiliki. Mtu akipigwa risasi, akibusu, akikaa na bia yake peke yake, uso ni ule ule. Mistari ni safi, haina kivuli kingi, mwenyewe anamtaja Hergé, yule mchoraji wa Tintin, kama mtu aliyemfundisha kwa mbali, na kurasa zake kaziweka kwenye maboksi ya saizi moja, yamepangana kama madirisha ya ghorofa. Sasa kwa kuwa uso haukuambii kitu inabidi wewe ndo uweke hisia, na utaweka za kwako. Mimi nimekulia kwenye magazeti ya katuni ya Sani kule Tanzania, yale ya kina Lodi Lofa na Ndumilakuwili, maneno yamejaa mpaka juu ya vichwa na nayapenda mpaka leo, lakini huku nimekuta kitu kingine kabisa.

Kilichonikamata zaidi ni Vent litt..., yaani subiri kidogo (kwa Kiingereza kimetoka 2001, Hey, Wait...). Kama hutaki kujua hadithi ruka hii aya. Ni watoto wawili, Jon na Bjørn, wanaanzisha klabu ya Batman na mtihani wa kuingia ni kuruka udake tawi la mti lililo juu ya genge, yaani mteremko mkali. Bjørn anaruka, anaanguka. Halafu mara Jon ni mtu mzima, anafanya kazi kiwandani, miaka yote ya katikati imerukwa, hakuna maelezo, hakuna msiba mrefu. Mimi nina rafiki yangu aliyezama mtoni nikiwa darasa la tano na kwa miaka yote sikuwahi kuona mtu kaieleza ile hali hivi, kwamba utoto wako unaisha siku ile na unayeendelea kuishi ni mtu mwingine. Nilikifunga nikakaa nacho mapajani muda mrefu.

Nikaamua ninunue nakala yangu. Nikaagiza ya mtumba kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, kaandika "kama mpya", kimefika kona imelowa maji na kurasa mbili zimeachia. Nililalamika nikarudishiwa nusu ya hela. Kwa hiyo ukinunua mtumba omba picha za ndani kwanza, siyo jalada tu, vitabu vya picha kurasa zikiachia umeumia.

Vya rangi navyo visikupite. Rangi za vingi kapaka Hubert, Mfaransa aliyefariki 2020, ni rangi zilizotulia, bapa. Hapo anza na I Killed Adolf Hitler. Jina linakudanganya, ndani ni hadithi ya mapenzi: muuaji wa kukodiwa anarudishwa nyuma kwa mashine ya muda, mambo yanaharibika, na mashine inahitaji miaka 50 kujichaji, kwa hiyo inabidi aisubiri leo kwa kuishi siku moja moja mpaka anazeeka, ndo anamgongea mlango mwanamke wake ambaye bado ni kijana vilevile. Pale mlangoni mi nililia. Kitabu hiki kilipata tuzo ya Eisner, tuzo kubwa ya katuni Marekani, 2008, na kazi zake zilishinda 2007, 2008 na 2009 mfululizo.

Lawama ninazo. Vitabu ni vyembamba, nusu saa umemaliza na bei siyo ya nusu saa. Halafu wahusika wanafanana mno, mbwa wawili wenye koti kwenye ukurasa mmoja unapotea nani ni nani, mara mbili tatu nimelazimika kurudi nyuma. Azima kwanza maktaba, ukikipenda ndo ununue.

Sasa hivi nipo kwenye foleni ya Lomma full av regn, kitabu chake cha 1995 kilichompa tuzo ya Sproing, ya katuni za Norway, cha zamani kabla hajahamia kwa wanyama, humo kachora watu kama watu. Nina hamu sana ya kuona macho.