Waya wa ethi ulionilaza njaa Dakawa

Miezi imepita, na bado nikifika Gerezani, Kariakoo, nazungukia mtaa wa pili nisilione lile duka. Nilifuata waya wa ethi tu, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi, wa trekta la Massey Ferguson 135 aliloacha marehemu baba. Wa zamani ulishaoza kichwani, unga wa kijani mtupu. Nikamuuliza kijana, hii ni shaba kweli?

"Mzee, unanunua waya au unakagua waya?"

Watu wakacheka. Nikaona haya, nikalipa. Waya mnene, unang'aa, ubavuni umeandikwa 50, yaani unene wa milimita 50 za mraba. Mwepesi, lakini. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka.

Shambani stata ikaguna mara moja, halafu tik, tik. Nikailaumu betri. Nikanunua betri mpya, mimi! Tik, tik. Nikailaumu stata, ikafunguliwa, fundi akala hela yake akaenda. Bahati injini yake, Perkins ya dizeli, ikishawaka haiulizi umeme, basi alfajiri tunavutwa na trekta la jirani, na hatuzimi mpaka jioni. Hata tukila, inanguruma pale pembeni inakunywa mafuta yangu.

Akaja fundi umeme mmoja wa makamo. Betri hakuigusa. "Piga stata, baba." Akashika waya, akauachia upesi: wa moto. Akaweka mita, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bloku ya injini, nikapiga tena. Volti 2 na ushee zinapotelea njiani! Kwake yeye, ikizidi nusu volti tayari ni ugonjwa. Akauchuna kwa kisu. Mpira kama soli ya kandambili, katikati kijinyuzi, na kijinyuzi chenyewe ukikikwangua ni cheupe. Alumini imepakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, na hapo hata unene wenyewe ni wa uongo.

Nisimwonee mtu: alinionyesha pia kwamba kichwa cha waya nilikifunga juu ya rangi na kutu, msasa sikupiga. Nikakubali robo ya kosa. Nusu, akasema yeye. Haya, nusu. Nikafikiri hata yule kijana huenda naye aliuziwa hivyo hivyo, nikaurudisha kiungwana, kwenye mfuko. Macho hayakutoka kwenye simu. Kidole tu, kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Nusu yangu nimeifuta.

Sasa trekta lina kipande cha waya wa mashine ya kuchomelea, nyuzi laini za shaba, kimefungwa kwenye chuma kilichosuguliwa mpaka kikang'aa, karibu na stata. Ukigusa ufunguo tu, imewaka. Ule wa dukani nilifungia mlango wa banda la mbuzi. Juzi wametoka.