Hilux na tela la ekseli mbili mlima Kitonga: uzoefu wangu

Nalima vitunguu Ruaha Mbuyuni na nyanya Ilula, na katikati ya mashamba hayo kuna Kitonga. Trekta langu dogo hupanda na kushuka mlima huo likiwa juu ya tela la ekseli mbili, linalovutwa na Hilux ya lita 2.8, otomatiki, toleo la baada ya 2020. Hii ndiyo seti iliyonipa utulivu kuliko zote nilizotumia, na injini si sababu pekee.

Nguvu ipo ya kutosha. Torki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, ya Nm 500 inapandisha mzigo kwenye kona zile bila gari kuhema. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huishia hapo: wakishasikia linavuta kilo 3,500, basi. Namba hiyo ni ya tela lenye breki zake. Lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750. Tena gari na tela kwa pamoja vina kikomo chao cha uzito, kwa hiyo ukijaza abiria na magunia kwenye pikapu, zile 3,500 huna tena. Trekta na tela langu ni kama kilo 1,700, na kwa mlima ule sitaki kwenda mbali zaidi ya hapo.

Kinachotuliza tela ni uzito unaokalia ndoano. Nalenga asilimia 10 ya uzito wa tela lote, yaani kilo 170 hivi. Ukipungua sana, tela linaanza kupunga mkia mwendo ukikolea au basi likikupita kwa kasi. Ukizidi, nyuma ya gari inabonyea na mbele inanyanyuka. Ndoano yangu iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma ya gari, na toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3.085, kwa hiyo kilo 170 pale nyuma zinapunguza kama kilo 65 kwenye matairi ya mbele, yale yale yanayokata kona.

Kupima ni rahisi. Naegesha pahala tambarare, naweka vigingi kwenye matairi ya tela, kisha naulaza mkono wake juu ya mizani ya magunia, kwa kimo kile kile cha ndoano. Trekta likisogezwa mbele sentimita 20 tu, mizani inapanda kwa kilo 80 hivi. Nikishapata pake, nafunga minyororo pande zote nne na kupiga alama ya rangi kwenye sakafu ya tela.

Kushuka, naweka gia ndogo kabla ya kuanza mteremko, si katikati yake. Breki za tela hujikaza zenyewe linapolisukuma gari, na zinafanya kazi vizuri zikirekebishwa na fundi mara kwa mara. Hilux ina mfumo wa kuzuia tela lisiyumbe, nao nauthamini, ila hauwezi kurekebisha mzigo uliopangwa vibaya. Likianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, usikanyage breki kwa nguvu.

Tela lilitengenezwa gereji ya mtaani. Chuma ni imara. Nyaya za taa ndizo dhaifu, soketi inaingiza vumbi na taa za breki zinakatika. Hilo nalikagua kila safari kabla ya kuwasha gari.