TAHADHARI: Fundi wa "vivuli vya mota" Nakuru amenila 95,500

Kila mwenye gari la kulala safarini, na nyinyi mnaouza chai na chapati kwenye magari yenye kivuli cha ubavuni: kuna fundi Nakuru anayetembeza video ya kivuli, yaani lile turubai la kukinga jua na mvua ubavuni mwa gari, kinachojikunjua kwa rimoti. Msimtumie pesa. Mimi nimemtumia, jumla shilingi 95,500, na leo gari langu halina kivuli cha mota wala kile cha mkono nilichokuwa nacho.

Jina simtaji. Kesi iko kortini, na hata hivyo sijui jina lake ni lipi, maana kwangu ana moja, kwenye M-Pesa kuna lingine, na kijana wake anamwita la tatu. Nitaeleza mtindo wake tu. Ukikutana naye utamtambua.

Gari ni Hiace ya dari refu niliyoigeuza nyumba kidogo kidogo kwa msaada wa mafundi wa jua kali: kitanda, jiko la gesi, sinki, friji ndogo, betri ya pili chini ya kiti. Ubavuni nilifunga kivuli cha mita 3 nilichouziwa na wazungu wawili waliomalizia safari yao hapa Kenya. Kilikuwa cha hendeli. Unachomeka fimbo kwenye tundu la pembeni, unazungusha, turubai linatoka polepole huku mikono yake miwili ikijikunjua kama ya panzi. Hakijawahi kunisumbua hata siku moja. Kilichonisumbua ni bega langu, tangu nilipoanguka na pikipiki. Ikawa mama watoto ndiye anayezungusha, na kila akizungusha ananitazama. Wenye ndoa mnaijua hiyo tazama.

Ndipo nikaona ile video. Nikapiga simu, akaja mwenyewe hadi nyumbani, mpole, mwenye heshima, shikamoo zimemjaa mdomoni. Akapima kwa futi, akagonga bati la dari kwa kidole, akatikisa kichwa kama daktari. "Mzee wangu, hii ya mkono imepitwa. Nakutolea, nakuwekea ya mota, volti 12, inatumia betri yako hiyo hiyo. Unabonyeza ukiwa umekaa na chai yako."

Bei ilikuwa 95,000. Kile cha zamani angekichukua kwa 20,000, kwa hiyo nilipe 75,000 taslimu, 45,000 zikitangulia. Hapo pa kuchukua cha zamani ndipo mtego wenyewe ulipo, ila wakati ule nilijiona nimepata punguzo. Nilipotuma zile 45,000, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. "Ni laini ya mke wangu, Mzee, yangu imefika kikomo cha leo." Nikaridhika. Hakuna namba ya till, hakuna risiti, hakuna karatasi yoyote yenye sahihi. Nina miaka 58 na nimefanya kazi ya stoo miaka 20, mtu wa kuandika kila msumari. Sina la kujitetea.

Wiki tatu zikapita. Mara mzigo uko baharini, mara uko Mombasa, mara forodha wamepandisha ushuru, ongeza 12,000. Nilipoomba namba ya mzigo akanitumia picha ya kontena. Kontena zima kwa kivuli cha kilo ishirini na kitu! Nikaongeza 12,000. Mtu ukishatanguliza 45,000 unakuwa kama aliyeshika mkia wa ng'ombe mtoni, unaona bora uvuke naye.

Siku ya kufunga alinielekeza uwanja wa nyuma ya maduka, upande wa kwenda Lanet. Karakana haina bango. Kijana wake alianza kufungua kile cha zamani bila kufunga mikono kwa kamba. Kwa wasiojua: mikono ya vivuli hivi ina springi kali ndani, ndiyo inayolivuta turubai likaze. Ukikiondoa kivuli kwenye gari na kukifungua ncha, lazima mikono iwe imefungwa, la sivyo inafyatuka. Ulifyatuka mmoja, ukapita karibu na sikio la kijana, ukavunja taa yangu ndogo ya pembeni. Bosi wake akacheka. Mimi pale ndipo tumbo liliponikata mara ya kwanza.

Mara ya pili ni alipotoa inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, volti 230. Nikamuuliza, si tulisema volti 12? Akasema hii ni ya "kuipa mota nguvu", na ni 8,500 juu, kila mteja hulipa. Nikalipa, pamoja na zile 30,000 za mwisho. Akabonyeza rimoti: turubai likatoka, likarudi. Likatoka tena, likarudi. Mara ya tatu kimya. "Imelala kidogo, Mzee. Ni mpya, inazoea." Tukanywa soda, baada ya dakika 20 hivi ikafanya kazi. Akapakia kivuli changu cha zamani kwenye pikapu yake na kuondoka.

Wikendi iliyofuata tukashuka Kisumu na mama watoto na wajukuu wawili. Salgaa, Mau Summit, Londiani, Kericho, Ahero, safari njema kabisa. Tukaegesha Dunga, karibu na wanapokaanga samaki. Nikawaita wajukuu waone maajabu ya babu, nikabonyeza, kivuli kikatoka. Babu akapigiwa makofi.

Anayelijua Ziwa Victoria anajua kwamba mchana ukikomaa upepo huanza kutoka ziwani kuja nchi kavu, na jioni wingu linaweza kukuangukia bila hodi. Saa tisa na nusu turubai likaanza kupiga kama tanga. Nikabonyeza rimoti. Inveta ikalia tiii, ikazima. Nikabonyeza tena, tiii. Nikawasha injini ili betri ipande. Turubai likasogea kama shubiri mbili, likasimama, na mota haikulia tena. Nikakimbilia fimbo ya hendeli, maana niliibakiza kwa mapenzi tu. Hakuna pa kuichomeka. Lile tundu halikuwepo kwenye hiki kipya. Kivuli kiko nje mita mbili, mvua inakuja, na hakuna njia yoyote duniani ya kukirudisha.

Wavuvi watatu wakaja na kamba zao za mashua wakashika ncha. Mmoja akapiga kelele juu ya upepo, "Omera, hii kitu imefungwa na nini?" Swali zuri. Upepo mmoja ukakiinua kivuli chote, skrubu za upande wa mbele zikang'oka na kipande cha bati la dari, mkono mmoja ukapinda. Wakakikunja kwa nguvu, wakakifunga juu ya gari kama godoro la kuhamia. Usiku maji yakaingia kupitia yale matundu hadi kitandani. Wale wavuvi walikataa pesa, wakakubali chai tu. Mungu awabariki.

Asubuhi nikaenda kwa fundi wa umeme wa magari Kondele, mtu wa maneno machache. Alikifungua chote chini ya mwembe na kila alichotoa alikiweka kwenye gunia mbele yangu bila kusema kitu, mpaka nikamwomba aseme.

Mota ni ya mlango wa duka. Ile ya bomba inayoingizwa ndani ya milango ya kuviringisha ya chuma, volti 230, wati 190 na kitu. Juu yake palibandikwa stika ya kampuni ya Ulaya. Alipoikwaruza kwa kucha, chini kukawa na lebo ya kweli. Mota za aina hiyo zina kinga ya joto: zikifanya kazi mfululizo dakika nne hivi zinajizima hadi zipoe. Ndiko "kulala" kwenyewe. Inveta nayo ilikuwa ya bei rahisi, isiyotoa wimbi safi la umeme, na mota kama hiyo ikilishwa umeme wa namna hiyo huunguruma na kupata joto haraka zaidi.

Waya ndio ulionichekesha kwa uchungu. Kutoka betri hadi inveta alipitisha waya wa milimita 1.5, ule wa taa za nyumba, mita nne kwenda na mita nne kurudi. Kuzungusha ile mota, inveta inavuta ampea kama 20 kutoka kwenye betri. Kwa waya ule, karibu volti 2 zinapotelea njiani. Betri yenye volti 12.4 inafika kwa inveta ikiwa 10.6, na inveta nyingi hukata zikiona 10.5 au chini. Uwanjani ilifanya kazi kwa sababu betri ilikuwa imejaa. Dunga friji ilikuwa imeinywa tangu asubuhi. Na fyuzi? Hakuna hata moja. Fundi alinionyesha mahali waya ulipopita kwenye ukingo wa bati bila mpira wa kuukinga, ganda limeanza kukatika. Aliniambia ningelala humo miezi michache, ningeamka na moto.

Sijamaliza. Upande wa volti 230 uliunganishwa kwa tepu, nje, mahali pa mvua, kwenye gari la bati ambalo wajukuu wangu walikuwa wakiliegemea na miguu yenye maji. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Turubai lilikuwa la lori, limeshonwa upya. Skrubu zilishika bati tupu la dari, bila kipande cha chuma cha kuzishikilia kwa ndani.

Sasa, msiseme kivuli cha mota ni uongo. Kipo. Thule wa Sweden wanatengeneza mota ya volti 12 ya kuingizwa kwenye baadhi ya vivuli vyao vya hendeli, na kule Marekani Lippert wanauza seti ya kugeuza vivuli vyao vya springi viwe vya umeme. Lakini seti hizo zinaendana na modeli fulani. Anayekwambia "yangu inaingia kwa chochote" hata hajasoma ubavu wa kile ulicho nacho. Muulize mambo haya akiwa mbele yako, kabla ya pesa: lebo ya mota inasema volti ngapi, na niione kwa macho yangu kabla ya stika yoyote, umeme ukikatika nje kwenye upepo nakirudisha kwa kutumia kitu gani, fyuzi ya ampea ngapi inakaa wapi, skrubu zinashika nini ndani ya dari. Wangu angekwama kwenye swali la kwanza. Na kile cha zamani usikiachie hata kwa punguzo la 40,000. Kiweke juu ya kabati, chini ya kitanda, kokote, mpaka kipya kimalize msimu mzima wa mvua.

Nilimpigia siku hiyo hiyo kutoka Kondele. Akasema nimekiharibu mwenyewe kwa kukifungua kwenye upepo. Siku ya tatu simu ikawa haipatikani, na ule uwanja wa Lanet nilipofika nikakuta mtu anauza mchanga. Polisi walinipa namba ya OB, yaani ya daftari lao la matukio, na kuniambia hiyo ni kesi ya madai, si ya jinai. Kurudishiwa M-Pesa usitarajie, maana hukukosea namba, umetuma mwenyewe kwa hiari yako. Nimefungua kesi Mahakama ya Madai Madogo, inayoshughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Huhitaji wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Kazi ngumu ni kumpata mtu wa kumkabidhi samansi. Ninazo meseji zote, picha za ile lebo, na maelezo ya maandishi ya fundi wa Kondele. Kama nawe umeliwa na huyu, niandikie faraghani, tuunganishe ushahidi.

Jambo moja la mwisho. Juzi shemeji yangu amenitumia tangazo: kivuli cha hendeli cha mita 3, "kimetoka Ulaya, hakijatumika", shilingi 48,000, mwenye kukiuza yuko Eldoret. Picha ya tatu inaonyesha turubai likiwa wazi. Upande wa kushoto, shubiri moja kutoka kwenye mkono, pana alama ya kuungua yenye umbo la mfuniko wa sufuria. Aliyeiunguza ni mama watoto, Krismasi ya mwaka juzi, Naivasha, akichoma nyama. Msikinunue. Ni changu.