Mwaka mmoja na takwimu za bei za nyumba za HM Land Registry: uzoefu wangu

Dalali aliyetufungulia mlango wa nyumba ile ya matofali mekundu hapa Leicester, mwezi Machi 2024, alitueleza mambo matatu kabla hatujafika jikoni: kwamba tangazo lilikuwa limetoka wiki hiyo hiyo, kwamba kulikuwa na familia nyingine mbili zilizoomba kuja kuiona, na kwamba kwa mtaa ule pauni 265,000 ilikuwa bei ya kutupa. Nilimsikiliza kwa adabu, nikafungua kabati la chini ya ngazi, nikanyamaza. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeisoma historia ya nyumba ile tangu mwaka 1998, kwa hiyo nilijua kwamba la kwanza lilikuwa kweli kwa tangazo lakini si kwa nyumba, na kwamba la tatu lilikuwa na walakini. La pili sikuwa na njia ya kulihakikisha, na hadi leo sijui.

Nilichokuwa nimekisoma ni takwimu za bei zilizolipwa zinazotolewa na HM Land Registry, ofisi ya serikali inayosajili umiliki wa ardhi na majengo katika England na Wales. Nyumba zilizouzwa kwa bei kamili ya soko tangu Januari 1995, mauzo yake yakasajiliwa, zimo humo pamoja na anwani, tarehe na kiasi kilicholipwa, na kila mwezi huongezwa mauzo mapya. Hakuna ada wala haja ya kujiandikisha. Unaandika jina la mtaa na mji, au postikodi, ambayo hapa kwa wastani hubeba anwani kama 15 tu, kisha unapewa jedwali. Aliyezoea matangazo yenye picha za sebule zilizojaa mwanga ataona ukurasa huo mkavu kupita kiasi, na mimi mwenyewe siku ya kwanza niliufunga baada ya dakika mbili nikidhani nimekosea mahali.

Ukavu huo ndio uliokuja kunipendeza. Mstari wa nyumba tuliyokwenda kuiona ulikuwa na tarehe ya Juni 2021, pauni 248,000, kisha herufi tatu: S, N na F. S ni nyumba pacha, ile inayogawana ukuta mmoja na jirani. Ingekuwa T ingekuwa nyumba ya msururu iliyobanwa pande zote mbili, na D ni ile inayosimama peke yake. N humaanisha kwamba haikuwa mpya ilipouzwa. F katika safu ya mwisho ni umiliki wa kudumu, na pale ungekuta L ungejua kwamba unachonunua ni haki ya idadi maalumu ya miaka tu juu ya ardhi ya mtu mwingine, jambo ambalo matangazo mengi hulitaja chini kabisa, baada ya sifa za bustani. Chini ya mstari huo kulikuwa na mingine miwili: pauni 139,950 mwaka 2006, na pauni 43,500 mwaka 1998. Shemeji yangu alipoiona hiyo ya mwisho alishika kichwa, kwa kuwa mwaka huo alikuwa tayari yuko nchi hii na alikuwa na kazi.

Tarehe ya Juni 2021 ilinishughulisha kuliko kiasi chenyewe. Serikali ilikuwa imesamehe ushuru wa stempu, ule ambao mnunuzi wa nyumba hulipa, kwa sehemu ya bei isiyozidi pauni 500,000 tangu Julai 2020, na msamaha huo kamili ulikoma tarehe 30 Juni 2021, hivyo watu walikimbizana kukamilisha ununuzi kabla ya siku hiyo. Katika mtaa ule mmoja nilihesabu mauzo manne ya mwezi huo, ilhali miezi mingine ya mwaka ilikuwa na moja au haina kabisa. Maana yake ni kwamba muuzaji wetu aliingia wakati soko limechemka, na sasa alikuwa anatoka wakati riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa asilimia 5.25 na wakopaji kama sisi tunahesabu kila pauni. Nilielewa kwamba asingependa kushuka chini ya 248,000 yake, na kwamba kila kilichozidi hapo kilikuwa matumaini.

Takwimu hizi, hata hivyo, hazisemi neno juu ya bei zilizotangazwa, na kwa upande huo ilinibidi nitumie programu ndogo inayowekwa kwenye kivinjari, ambayo huandika mabadiliko ya kila tangazo kadiri watumiaji wake wanavyolifungua. Hiyo ndiyo iliyonionyesha kwamba nyumba "mpya sokoni" ilitangazwa mara ya kwanza Septemba 2023 na dalali mwingine kwa pauni 285,000, ikashushwa hadi 275,000 mwezi Novemba, ikaondolewa Januari, kisha ikarudi Machi mikononi mwa dalali wa pili kwa 265,000 na tarehe mpya kabisa, kana kwamba haijawahi kuonwa na mtu. Picha ya jikoni ilikuwa ile ile, hata birika lilikuwa mahali pale pale. Udhaifu wa programu hii ni kwamba inajua tu yale ambayo watumiaji wake wameyaona. Nyumba iliyotangazwa kimya kimya katika kijiji ambacho hakuna anayeitumia haitakuwa na historia yoyote, na kukosekana kwa historia si ushahidi kwamba bei haijawahi kushushwa.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu nadhani litamsaidia mtu zaidi ya mafanikio yangu. Miezi miwili kabla ya hapo tulikuwa tumeipenda nyumba ya msururu iliyotangazwa kwa pauni 230,000, na mimi, nikiwa bado na ujuzi wa wiki moja, niligundua kwamba ya jirani iliuzwa mwaka 2022 kwa pauni 158,000. Niliandika barua pepe ndefu na yenye kujiamini, nikatoa pauni 190,000 na kuitaja namba ya nyumba hiyo ya jirani kama ushahidi. Dalali alijibu kwa mistari miwili: nyumba ile ilikuwa imeshikwa na benki baada ya mwenyewe kushindwa kulipa mkopo, na muuzaji hakutaka kuendelea kuzungumza nasi. Niliporudi kwenye jedwali niliona safu ambayo siku zote nilikuwa naipita, yenye herufi A au B. A ni mauzo ya kawaida kwa watu binafsi. B, ambayo ilianza kuwekwa Oktoba 2013, hukusanya mauzo yaliyotokana na benki kushika nyumba, ununuzi wa nyumba za kupangisha uliotambulika kwa aina ya mkopo wake, na nyumba zilizokwenda kwa makampuni. Jedwali halikuambii ni sababu ipi kati ya hizo, kwa hiyo tangu siku hiyo nilichuja na kubaki na A peke yake. Nyumba ile tuliikosa, na mume wangu alinikumbusha barua pepe yangu kwa muda ambao naona ulizidi kiasi.

Upungufu mwingine ni kwamba takwimu hazionyeshi idadi ya vyumba, ukubwa, wala hali ya nyumba. Mbili zenye herufi S katika mtaa mmoja zinaweza kuwa moja ina chumba kilichoongezwa darini na nyingine ina paa linalovuja. Njia niliyoipata ni kufungua rejista ya vyeti vya matumizi ya nishati, ambayo nayo ni ya wazi na ya bure, na ambayo huandika eneo la sakafu kwa mita za mraba. Nyumba yetu ilikuwa na mita 79. Pacha mmoja wa mita 82 aliuzwa mwishoni mwa 2023 kwa pauni 246,000, yaani pauni 3,000 kwa kila mita. Mwingine wa mita 80 alikwenda kwa 251,000, kama pauni 3,140 kwa mita. Kwa mahesabu hayo yetu ilistahili kati ya 237,000 na 248,000, na bei ya tangazo ilikuwa inadai zaidi ya pauni 3,350 kwa mita kwa nyumba ambayo bafu lake lilikuwa bado la kizamani, la rangi ya parachichi. Kazi hii ya kulinganisha ni ya mkono, anwani moja baada ya nyingine, na nyumba zisizo na cheti hazipatikani, lakini kwa jioni mbili mtaa mzima unaumaliza.

La kuangalia sana ni ucheleweshaji. Tarehe inayoandikwa ni ya siku ununuzi ulipokamilika, ilhali bei yenyewe ilikubaliwa miezi mitatu au minne kabla, na baada ya hapo mauzo husubiri tena hadi yasajiliwe. Ukijumlisha, bei unayoiona leo kama ya karibuni ni maafikiano ya watu wa nusu mwaka uliopita. Soko likitulia haina neno. Riba ikipanda au kushuka ghafla utakuwa unatazama nyuma. Mauzo yasiyo ya bei kamili nayo hayamo, kama zawadi ya mzazi kwa mwanawe au nyumba iliyogawanywa kwa amri ya mahakama baada ya talaka, na ukivuka kuingia Scotland au Ireland ya Kaskazini utahitaji ofisi nyingine kabisa.

Gharama yetu pekee ilikuwa nakala ya daftari la umiliki wa nyumba yenyewe, ambayo wakati ule ilikuwa pauni 3 na tangu Desemba 2024 imekuwa pauni 7. Iagize kwenye tovuti ya serikali moja kwa moja, maana zipo tovuti za watu wa kati zinazouza karatasi hiyo hiyo kwa mara kadhaa ya bei hiyo.

Tulitoa pauni 240,000, safari hii kwa barua fupi yenye anwani mbili za kundi A, mita zake za mraba, na sentensi moja ya upole iliyosema kwamba tunafahamu nyumba imekuwa sokoni tangu Septemba. Dalali alipiga simu baada ya siku nne na sauti yake ilikuwa imebadilika. Tulikubaliana pauni 249,000, elfu moja juu ya kile muuzaji alicholipa, na nadhani hiyo elfu moja ilikuwa ya heshima yake. Siwezi kudai kwamba asingeshuka bila mahesabu yangu, kwa kuwa miezi sita ya kutazamwa bila kununuliwa humfundisha muuzaji yeyote. Ninachojua ni kwamba sisi tusingethubutu kuanzia 240,000.

Mdogo wangu anatafuta kiwanja Tanga, na nilipomsimulia haya alicheka. Yeye bei ya mtaa anaipata kwa dalali, na dalali anaipata kichwani mwake asubuhi hiyo. Aliyeuza jirani hasemi alichopokea, na aliyenunua anasema pungufu. Nilitaka kumshauri la kufanya nikakosa, zaidi ya kumwambia aulize watu watatu wasiojuana.

Tulikabidhiwa funguo Septemba 2024. Mwanasheria wetu alichelewa kupeleka maombi ya usajili, kwa hiyo mstari wetu uliingia kwenye jedwali mwanzoni mwa 2025: pauni 249,000, S, N, F, A. Siku chache baadaye jirani yetu wa upande wa pili wa barabara, mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Jinja na kufukuzwa Uganda mwaka 1972 pamoja na Wahindi wenzake, alinisimamisha langoni na kunisalimu kwa Kiswahili kama afanyavyo kila mara.

"Mia mbili arobaini na tisa," alisema. "Si mbaya, binti."

Nilimwuliza naye anaitazama rejista ile mara ngapi. Alisema kila mwezi, tangu alipostaafu, lakini nisijisumbue kumtafuta yeye, kwani nyumba yake aliinunua 1979 na hajaiuza, kwa hiyo humo hayumo. Kisha akaniuliza kama nimeiona bei ya ile ya kona iliyoondolewa bango kabla ya Krismasi. Nilikuwa nimeitafuta jana yake. Ilikuwa haijaingia.