Jeraniamu zilizorefuka: kitalu cha Raskazone, mkasi mzuri, udongo hapana

Kuna kitalu cha maua njia ya kwenda Raskazone, hapa Tanga, wanaopokea jeraniamu za vyunguni zilizorefuka na kuzirudisha kwenye umbo. Unapeleka na chungu chako, unalipa kwa idadi ya vyungu. Kwenye kukata wanastahili sifa zote. Kwenye kujaza udongo, wazuie mapema.

Fundi wao haanzi na mkasi, anaanza na kidole gumba. Anakipitisha kwenye shina kutoka chini akitafuta vifundo, pale paliponenepa kidogo, jani lilipoota. Akikipata kinachotazama nje ya chungu, anakata nusu sentimita juu yake, basi tawi jipya linaelekea nje na katikati panabaki hewa. Akihamia chungu kingine anafuta makali kwa spiriti. Hilo wengi hulipuuza, ilhali shina la jeraniamu lina maji mengi na ugonjwa wa bakteria husafiri kwenye makali ya mkasi.

Hakati yote siku moja. Anashusha nusu ya mashina, kila moja kwa theluthi hadi nusu ya urefu, mengine anayaacha na majani yake yaulishe mmea, kisha unarudi baada ya wiki tatu au nne. Ndivyo inavyotakiwa: shina kuukuu la kahawia, lisilo na jani hata moja, ukilikata chini kabisa huenda lisichipue tena. Machipukizi yakifikisha majani manne, finya ncha zake kwa kucha ili yagawanyike. Maua yatachelewa, vumilia.

Vipande vilivyokatwa wanakurudishia, na ni mali. Chukua vya sentimita 8 hadi 10, ondoa majani ya chini na vitumba vya maua, viache kivulini saa chache jeraha likauke, ndipo uchomeke kwenye mchanga wa mtoni wenye unyevu kidogo. Usivifunike kwa nailoni. Kwa joto letu vitaoza, utaona weusi ukipanda kutoka chini.

Sasa udongo. Wanajazia udongo mweusi wa mfinyanzi uliochanganywa na samadi ya kuku. Samadi hiyo ina naitrojeni nyingi, na jeraniamu ikiila inatoa majani makubwa, mashina laini marefu na maua ya kuhesabu. Yaani unalipia kukatiwa urefu, halafu unarudishiwa urefu ndani ya chungu. Mfinyanzi nao hushika maji siku nyingi, shina likaoza shingoni. Waombe sehemu mbili za udongo wa kichanga, moja ya mboji iliyoiva, moja ya mchanga wa mtoni wa chembe kubwa. Ukitaka kuongeza makumbi ya nazi, yaloweke na kuyasuuza kwanza, kwani ya pwani mara nyingi yana chumvi.

Na hawamwambii mteja habari ya mwanga, hapo wanakosea zaidi. Jeraniamu hurefuka kwa kuutafuta mwanga, na usiku wa joto kama wetu huzidisha. Baraza refu la nyumba za huku ni raha kwa watu, kwa ua hili ni giza. Lipe jua la asubuhi kwa muda wa saa tano hivi, likingie lile la saa saba hadi saa tisa, na ukigeuze chungu robo duara kila wiki. Likitoka kivulini, lizoeshe kidogokidogo kwa wiki moja, vinginevyo majani yataungua. Kipimo ni tawi jipya: nafasi kati ya jani na jani ikizidi upana wa vidole viwili, sogeza chungu kwenye mwanga kabla ya kufikiria mkasi tena.

Usiende wakati wa masika, majeraha hayakauki. Nenda Juni mvua ikishapungua, usiku umepoa kidogo, na ubebe mfuko wako wa udongo.