Hopsi za bia ya nyumbani: jina moja, pakiti mbili

Shikamooni wakubwa, na wengine wote karibuni tena jikoni kwangu hapa Moshi. Leo mezani nina pakiti mbili za hopsi. Zote zimeandikwa Cascade, ile hopsi ya Marekani iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972. Hii ya kwanza ni ya foili, imenyonywa hewa mpaka imekakamaa kama tofali. Ya pili ni mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, mtu amepima na kufunga mwenyewe.

Kwa aliye mgeni, hopsi ni maua ya mmea unaopanda kwa kujizungusha, yanakaushwa. Sisi wa mlimani kazi yake tunaijua kupitia magome ya mti wa msesewe. Kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, magome yale ndiyo yanayotia uchungu, utamu wa ndizi usizidi. Hopsi hufanya hivyohivyo kwenye bia ya kimea, pamoja na kuipa harufu na kuzuia baadhi ya bakteria wa kuichachua.

Sogea karibu na kamera. Nakata foili… umesikia hewa ilivyoingia? Hizi ni peleti, yaani hopsi zilizosagwa na kushindiliwa, umbo kama chakula cha kuku, lakini rangi kijani kibichi. Naweka mbili kiganjani, nasugua mpaka zipate joto. Unaona huu unga wa manjano unaonata vidoleni? Hiyo ni lupulini, ndimo yalimo mafuta ya harufu na asidi za alfa zinazoleta uchungu. Inanukia ganda la balungi. Safi kabisa.

Sasa hii ya nailoni. Rangi yake imeenda kwenye tumbaku. Nasugua, vidole vinabaki vikavu. Nikinusa napata samli iliyochacha. Hopsi ikifika hapo usiitie kwenye sufuria, hata ukiuziwa nusu bei. Mwaka jana nilipika lita 20 kwa mfuko kama huu, nikasubiri wiki tatu, nikamwaga zote. Iliniuma sana, maana kimea na hamira vilikuwa vizuri.

Kinachoiharibu ni hewa, joto na mwanga, na Cascade ni dhaifu kwa hilo. Ikikaa miezi sita kwenye nyuzi joto 20 inabakiwa na karibu nusu ya asidi zake. Na hapa Moshi mwezi wa pili nyuzi 20 unazipata usiku tu! Kwa hiyo kabla ya kutazama jina, tazama mambo mawili kwenye pakiti: mwaka wa mavuno na asilimia ya alfa. Muuzaji asipokuwa navyo, rudisha mfuko wake.

Hii yangu inasema asilimia 6. Kwa lita 20, gramu 25 zikichemka saa nzima zinanipa uchungu wa wastani. Za harufu naongeza dakika kumi za mwisho, kwa sababu zikichemka sana mafuta yanaondoka na mvuke. Kumbuka pia huku kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na ukipanda Marangu zinapungua zaidi, kwa hiyo uchungu unatoka taratibu kidogo. Usifupishe ile saa nzima.

Kama huna friza, ushauri wangu ni Magnum ya Ujerumani kwa ajili ya uchungu. Alfa yake ni asilimia 12 hadi 14, unatumia nusu tu ya kiasi, na inavumilia joto kuliko Cascade. Mwenye friza akishafungua pakiti akamue hewa yote, abane kwa klipu, aandike tarehe, airudishe kwenye barafu. Umeme ukikatika usifungue mlango wa friza. Na masalia ya hopsi yafukie mbali na mbwa, kwao ni sumu inayoweza kuua.

Mnaniuliza sana kama tunaweza kupanda. Mmea huu unataka siku ndefu za kiangazi ndipo utoe maua ya kutosha, na sisi mwaka mzima mchana wetu ni saa 12 hivi. Afrika Kusini wanalima kule George, wakazalisha aina zao kama Southern Promise zinazostahimili siku fupi kuliko za Ulaya. Hizo ndizo ninazozipendelea kuagiza, njia yake ni fupi. Lakini ni mazao ya mimea, kwa hiyo uliza kwanza TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, makao makuu yao yako hapo Arusha, ujue kibali kinachotakiwa. Mkiwa watu wanne au watano agizeni kilo moja pamoja, kisha kila mmoja apate foili yake iliyofungwa. Msigawane kwa nailoni.

Hii ya foili naipa alama 9 kwa 10. Ngoja niibane niirudishe kwenye friza, imeshakaa mezani dakika nyingi.